Wao Wana Nyumba ya Mshairi Wao, Sisi Je?

Kuna kauli moja inayoniudhi kila niisikiapo, na hazipiti siku mbili sijaisikia: kwamba mashairi ya kale ya Mvita na Lamu ni magumu, kwamba maneno yake yamekufa, na kwamba watoto wa leo hawana haja ya kusumbuliwa nayo ila kwa kiasi cha kujibu maswali mawili matatu ya mtihani. Walimu huisema, wazazi huisema, na hata baadhi ya wenzetu tunaokaa nao barazani baada ya isha, watu waliozaliwa Kuze na Kibokoni, huisema huku wakitikisa vichwa kama watu wanaohani.

Mimi siafiki. Mashairi ya Muyaka bin Haji si magumu kuliko shairi la Kizungu tulilohifadhishwa sisi shuleni tukiwa na umri wa miaka kumi na miwili, na hilo tulilihifadhi. Nitaeleza nina maana gani, na maelezo yangu yatapita njia ndefu kidogo, mpaka milima ya kaskazini ya Uingereza, siku ya mvua. Msomaji anistahamilie.

Shairi lenyewe lilikuwa la William Wordsworth, lile la kusifu maua ya dafodili. Wengi wa rika langu na walionitangulia watalikumbuka. Mwalimu wetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, hakuwa amepata kuyaona maua hayo. Alituchorea ubaoni kitu mfano wa tarumbeta lililotiwa ndani ya nyota, akafuta, akachora tena. Mwenzangu mmoja alishikilia kuwa ni aina ya yungiyungi. Mwingine akaapa kuwa ni alamanda, lile ua la njano lililokuwa likitambaa juu ya ukuta wa jirani yetu Mhindi. Tukalikariri shairi kwa sauti moja na kwa kutikisa mabega, vile vile tulivyokuwa tukikariri Juzuu Amma chuoni, tofauti ikiwa kwamba ya chuoni tuliambiwa maana yake tutaijua tukikua, na ya shuleni hatukuahidiwa kitu.

Mwaka 1997 nilikuwa mjini Leeds kwa masomo ya uandishi wa habari. Mwezi wa Aprili sisi wanafunzi wa kigeni tukaandaliwa matembezi ya siku moja kwenda kwenye nchi ya maziwa na milima iliyo kaskazini-magharibi mwa Uingereza, ambako ndiko alikozaliwa Wordsworth, mwaka 1770, na ndiko alikofia mwaka 1850. Basi liliondoka alfajiri. Tulikuwa Waafrika, Waarabu, Wamalaya na Wachina, na kila mmoja amevaa kila alichokuwa nacho.

Mvua ilitukuta Skipton na haikutuacha. Wala msidhani ni mvua ya kwetu, ile inayokuja na kishindo, ikapiga mabati, ikajaza mitaro, kisha jua likatoka watu wakaanika nguo. Hii ni rasharasha isiyo na haraka, iliyoanza kabla hujaamka na itakayoendelea ukisha kulala. Sababu yake wenyeji waijua vyema. Pepo za magharibi hutoka bahari ya Atlantiki zimebeba maji, zikifika kwenye milima ile hulazimika kupanda, zikipanda hupoa, na maji yakashuka. Kijiji kimoja cha huko kiitwacho Seathwaite hupata zaidi ya milimita 3,000 za mvua kwa mwaka. Mombasa yetu hupata kama 1,000 na ushei, na sehemu kubwa ya hizo ni za masika. Kwa hivyo watu wa kule hawangoji mvua ikatike ndipo watoke. Wangengoja, wasingetoka daima.

Wenzangu wengi walinung'unika, wakasema wamepoteza siku. Lakini alikuwako mmoja wetu, Msudani, mtu mzima kidogo kuliko sisi, ambaye basi liliposimama mara ya kwanza alishuka, akavua kofia, akafungua vifungo vya juu vya koti, akaacha mvua imguse kichwani na kifuani. Tukamwuliza ana nini. Akatukumbusha ile hadithi ya kwamba Mtume (s.a.w.) mvua ilipomnyea alifunua nguo yake ili imguse mwilini, kwa kuwa ilikuwa ndiyo kwanza yatoka kwa Mola wake. Hadithi hiyo mimi nilikuwa nimeisoma. Nilikuwa sijamwona mtu akiitenda.

Grasmere ni kijiji kidogo chenye ziwa lake, na ukingoni mwake ipo nyumba ambayo Wordsworth alikaa toka Desemba 1799 hadi 1808. Ni nyumba ya kawaida kabisa. Kuta zimepakwa chokaa nyeupe, sakafu ya chini ni ya mawe, vyumba ni vidogo na vya giza. Zamani ilikuwa kilabu cha pombe, ingawa mshairi mwenyewe hakuwa mtu wa ulevi. Huko juu kipo chumba kimoja kidogo ambacho kuta zake zimebandikwa magazeti, kwa sababu dada yake mshairi, aitwaye Dorothy, alifanya hivyo kuzuia baridi. Mimi mtu wa magazeti nilisimama hapo muda mrefu, nikizisoma habari za zama zile pembeni mwa kitanda, mpaka bibi aliyekuwa akitutembeza akacheka, akaniambia kuwa huwatambua waandishi wote kwa chumba hicho.

Nyumba hiyo, enyi watu wangu, ilinunuliwa mwaka 1890 na watu waliojikusanya kwa ajili hiyo, miaka arubaini tu baada ya mshairi kufa, na mwaka uliofuata milango ikafunguliwa kwa kila atakaye kuingia. Kaburi lake liko kanisani hapo hapo kijijini. Jiwe lake ni dogo, lina jina lake na la mkewe, na miaka waliyokufa. Halina sifa wala mapambo.

Mchana tukapanda mlima kwa njia ya Kirkstone, ukungu umefunga hata dereva akawasha taa, tukateremkia ziwa jingine, kubwa, liitwalo Ullswater. Na huko, chini ya miti kandokando ya maji, ndiko nilikoyaona maua ya dafodili kwa mara ya kwanza yakiwa kwao. Ni madogo. Yana rangi ya njano iliyopauka, na siku ile yalikuwa yameinamisha vichwa kwa uzito wa maji. Hayakuwa tarumbeta wala yungiyungi wala alamanda ya Mhindi.

Lakini lililonishika zaidi lilikuwa jambo alilotueleza yule bibi. Alisema kuwa Wordsworth alipita mahali pale tarehe 15 Aprili 1802 pamoja na dada yake, na kwamba Dorothy alikuwa na daftari ambamo aliandika mambo ya kila siku. Katika daftari hilo, ambalo lipo mpaka leo, ameeleza jinsi siku hiyo upepo ulivyovuma kwa nguvu, jinsi walivyoyaona maua hayo, na jinsi mvua ilivyowakuta wakalowa. Shairi lilikuja baadaye, likachapishwa mwaka 1807. Na katika shairi, msomaji, hakuna mvua, na hakuna dada. Mshairi yuko peke yake na siku ni njema.

Simlaumu mshairi. Sisi watunzi tuna desturi zetu, huondoa tukitakacho kuondoka na kubakisha kinachofaa vina. Lakini hebu lipime jambo hili. Mtoto wa Mombasa alipewa shairi ambalo tayari lilikwisha kuondolewa mvua na dada, likasafirishwa na meli, likatiwa katika kitabu, likasomeshwa na mtu asiyeliona ua. Mtoto wa Grasmere hupewa shairi, akapewa na daftari, kisha akachukuliwa kwa miguu mpaka ziwani, akalowa kama walivyolowa wenyewe. Huyo hahitaji kuambiwa kuwa shairi ni rahisi au gumu.

Wakati wa sala ulikuwa umetukabili, nasi tulikuwa wasafiri. Tukamwendea mkulima mmoja jirani na njia, tukamwomba mahali pa kujikinga. Alikuwa mtu wa maneno machache. Akatufungulia zizi la kondoo lililoezekwa, tupu kwa wakati ule, kwa maana kondoo wake walikuwa nje mvuani hawajali kitu. Ni wale kondoo wa milima hiyo, wazaliwao weusi wakazidi kuwa weupe kadiri wanavyokua. Basi hapo likazuka suala. Mmalaya mmoja akauliza kama yafaa kusali zizini. Papo hapo sisi tuliosoma chuo tukajibu, kila mmoja kutoka nchi yake, kuwa imepokewa ruhusa ya kusali katika mazizi ya kondoo na makatazo katika mapumziko ya ngamia. Mashafi tukaongeza kuwa kwetu mkojo wa kondoo ni najisi, kwa hivyo tutafute pakavu tutandike. Mwingine akauliza juu ya tope zilizoturukia nguoni njiani. Nikamkumbusha kuwa tope za njia zimesamehewa kwa mtu asiyeweza kujilinda nazo. Tukatandika makoti, tukaelekea kusini-mashariki, tukasali adhuhuri na alasiri kwa kukusanya na kupunguza. Nje mvua ikinyesha.

Nayataja haya kwa sababu. Mambo hayo ya mazizi, ya ngamia na ya tope, mimi niliyasoma na mwalimu wangu nikiwa kijana mdogo, kwenye mji ambao ngamia tulimwona ufukweni tu akipandwa na watalii. Tuliyakariri bila kujua yatatufaa lini. Siku ile yakaja yenyewe, yakakaa mahali pao. Kwa hiyo mimi si miongoni mwa wale wanaotukana kukariri, ambao siku hizi ni wengi na wana vyeti. Kukariri ni kuweka akiba. Ubaya ni kumwekea mtoto akiba halafu usimpeleke kamwe mahali pa kuitumia.

Sasa turudi kwetu. Muyaka bin Haji alizaliwa Mombasa mwaka 1776 na kufa mwaka 1840, kwa makisio ya wataalamu. Yaani yeye na Wordsworth ni watu wa zama moja, wamepitana miaka sita tu. Wakati Mwingereza yule alipokuwa akilowa kando ya ziwa na dada yake, Muyaka alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita katika mji huu, akitunga juu ya mapenzi, juu ya hali ya soko, juu ya marafiki na mahasimu, na baadaye juu ya vita baina ya Mazrui na Seyyid Said. Wataalamu husema ndiye aliyelitoa shairi msikitini akalileta sokoni.

Muyaka naye alipata Dorothy wake. Aliitwa Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, mtu wa hapa hapa Mombasa, ambaye miaka mingi baada ya Muyaka kufa aliyakusanya mashairi hayo kutoka vinywani mwa watu na kuyaandika kwa herufi za Kiarabu. Alifanya kazi hiyo pamoja na mmisionari Mwingereza, William Ernest Taylor. Lau si kalamu ya Mwalimu Sikujua, leo tungekuwa na jina la Muyaka na beti chache za kuungaunga. Diwani ilikuja kuchapishwa na William Hichens mwaka 1940, mjini Johannesburg. Profesa Mohamed Abdulaziz akatoa kitabu chake juu ya Muyaka mwaka 1979. Na karatasi za Taylor ziko London, katika maktaba ya chuo cha masomo ya Asia na Afrika.

Nilizifuata. Kiangazi cha mwaka ule ule nilipanda treni nikaenda London, nikajaza fomu, nikaacha kalamu yangu ya wino mlangoni nikapewa ya risasi, nikaletewa kasha. Mwandiko ule niliusoma bila taabu, kwa sababu herufi zake ndizo nilizofunzwa chuoni. Pembeni yangu alikaa kijana wa Kizungu aliyekuwa akisoma Kiswahili, akanikodolea macho. Nilifurahi, sikatai. Hata hivyo, nilipotoka nje nilijiuliza ni watoto wangapi wa Mombasa watakaopata nauli ya kwenda kuutazama mwandiko wa Mwalimu Sikujua, na wangapi miongoni mwao, wakifika, wataweza kuusoma.

Hapa ndipo ninapowakatalia wale wa barazani. Maneno hayajafa. Chukua methali ambayo kila mtoto wa shule ya Kenya, toka Mombasa hadi Kisumu, amepata kuijaza kwenye mtihani: mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mwulize tezi ni nini. Atakwambia ni methali. Mtoto wa bara nina udhuru naye, bahari iko mbali. Lakini huyu wa Mji wa Kale, anayelala akisikia maji? Tezi ni upande wa nyuma wa chombo, omo ni mbele, na ngama ni chini kabisa ambako maji hukusanyika yakangojea kufuliwa. Mchukue asubuhi moja mpaka bandari ya kale, mwombe nahodha ampandishe, mwache atembee kutoka tezi hadi omo kisha ashuke ngamani akayafue maji mwenyewe kwa kopo. Atarudi ana methali. Na maneno mengine ambayo vitabuni yamewekewa maelezo chini ya ukurasa, joshi, demani, foromali, matlai, wavuvi wetu huyatumia bila kuomba ruhusa ya mtu.

Na mvua vile vile. Mshairi akitaja masika, au vuli, au mchoo unaonyesha katikati ya kusi, anataja kalenda nzima ya safari na kilimo na ndoa. Watoto wetu wanaoijua mvua kwa dirisha la matatu wataona ni neno moja tu, mvua, mara tatu. Darasani wataulizwa wahesabu mizani, wataje bahari, waseme kina cha kati na cha mwisho. Wataandika kumi na sita, nane kwa nane, na watapata alama zote. Hilo ndilo tarumbeta ndani ya nyota.

Najua nitakayojibiwa. Wako watakaosema kuwa kuwapeleka watoto kwenye nyumba na makaburi ya washairi ni kufungua mlango wa kutukuza wafu. Wanajua kuwa nami nimesoma. Sisemi watoto wakachome udi wala wakatake haja. Nasema wakasimame Ngomeni, mahali walipotawala Mazrui mpaka mwaka 1837, waione bandari, kisha mzee anayejua awasomee beti zilizotungwa juu ya ugomvi huo huo na bandari hiyo hiyo, awaonyeshe kwa kidole. Zaidi ya hapo sina.

Wako watakaosema kuwa Wazungu wameigeuza Grasmere kuwa duka. Ni kweli. Kuna vikombe vya dafodili, vitambaa vya dafodili na sabuni za dafodili, na nilikunywa chai huko kwa bei iliyonifanya niikumbuke hadi leo. Lamu imo katika orodha ya urithi wa dunia toka mwaka 2001 na Ngome ya Yesu toka 2011, na watalii tumewaona kabla ya orodha hizo. Tofauti ni kwamba kule Grasmere siku ile ya mvua waliojaa nyumbani mwa mshairi walikuwa watoto wa shule wa Kiingereza, na makoti yao yakichuruzika sakafuni. Sisi wageni tulisubiri zamu.

Na wako watakaouliza fedha. Hapa nina jambo la kusema kwa wenye madrasa, maana shule za serikali zina ratiba na fomu za idhini zisizokwisha. Madrasa zetu zina watoto Jumamosi na Jumapili, zina walimu wanaosoma herufi za Kiarabu, na nyingi ziko mwendo wa miguu au nauli moja tu kutoka Mji wa Kale. Hakuna kundi la watoto katika Kenya lililo karibu zaidi na mwandiko wa Mwalimu Sikujua kuliko hilo. Utendi wa Mwana Kupona, ambao mama huyo alimwandikia binti yake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, uliandikwa kwa herufi hizo hizo. Mwalimu anayeweza kumwelekeza mtoto kusoma Safina aweza kumwelekeza kusoma ubeti. Hakuna haja ya jengo, wala kamati, wala mfadhili atakayetaka jina lake juu ya mlango.

Wazee wanaokumbuka wamebaki wachache, na huwazika kila mwaka. Kuna nyumba mjini humu na kule Lamu ambazo bado zina makasha yenye karatasi zilizoliwa na mchwa nusu, na mwenye nyumba hajui kama ni shairi, hirizi au hesabu ya nazi za marehemu. Mtoto aliyefunzwa angeweza kumsomea bibi yake.

Siku ninayoipendekeza ni Jumamosi ya kwanza ya Mei, masika yakiwa yamekolea. Wakutane baada ya alfajiri mbele ya Ngome, na kila mtoto aje na daftari na penseli, maana wino huvuja. Waanze Ngomeni, wateremke bandarini, wapande chombo, kisha wapite vichochoroni mpaka Kuze, na adhuhuri waisali njiani kwenye msikiti wowote watakaokuwa karibu nao. Kila mmoja aandike alichokiona, mvua na yote, na jina la aliyekuwa naye. Akina mama wameanza kunilaumu kabla jambo halijawa, wakisema nitawatia watoto mafua. Nimewaambia waje nao.